Maneno Aliyobakishiwa Mnadi

Kazi yake ilikuwa kuuza vitu vya watu walioshindwa kulipa madeni. Malori yalimwaga makochi, majokofu, vitanda na cherehani kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala, na yeye akapanda juu ya meza ya chuma, akasafisha koo, akaanza kunadi. Hakutumia kipaza sauti. Sauti yake ilivuka barabara mpaka kwenye duka la vipuri, na mwenye duka alikuwa akisema kwamba siku za mnada hana haja ya kufungua redio. Watu walimwita Mnadi, mkewe pia. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho.

Wanunuzi walimpenda kwa kuwa alichekesha. Wenye vitu nao walikuja, maana ni vigumu kukaa ndani huku kitanda chako kinauzwa. Walisimama nyuma kabisa, kando ya ukuta, na Mnadi alikuwa na jicho la kuwatambua.

"Jokofu hili halijachakaa," alisema siku moja, akifungua mlango wake na kuufunga. "Litachakaa vipi, na halijawahi kuwekewa kitu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja kule ukutani akavuta mtandio usoni, akaanza kuondoka. Mnadi akamsindikiza kwa sauti: "Mama, umesahau barafu yako."

Nyumbani hakuivua sauti hiyo kama mtu anavyovua viatu. Mkewe alikuwa karani katika ofisi ya wapima ardhi, mwanamke mwembamba wa maneno machache, anayechapa ripoti za mipaka ya viwanja bila kukosea herufi. Mumewe alimwita Karani, na alivyolitamka jina hilo ungedhani ni ugonjwa wa ngozi. Wageni wakija, Mnadi alingoja waanze kula, kisha akamsimamisha mkewe katikati ya sebule, sinia bado mkononi, akamshika bega na kumnadi.

"Mtumba huu, wakubwa. Haujapigwa pasi, lakini unafua, unapika, haujibu. Nani anaanza? Hakuna? Hata bei ya beseni? Basi, unarudi ghalani." Akagonga meza kwa kijiko.

Wageni walicheka mpaka wakapaliwa. Miaka ya mwanzo Karani naye alicheka, akidhani ndiyo mapenzi ya mtu mwenye mdomo. Miaka ikasogea, kicheko kikawa tabasamu. Mwishowe akajifunza kuweka sinia chini kwanza, ili vikombe visigongane.

Binti yao wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, aliliona hilo tangu utotoni. "Mama, wewe usisimame," alimwambia siku moja jikoni.

"Nisiposimama atafanya nini?"

"Sijui. Jaribu tuone."

Hakujaribu.

Kisha sauti ya Mnadi ikaanza kukwaruza. Alisema ni vumbi la ghala. Akanywa maji ya moto na asali, akafunga shingo kwa kitambaa, akaendelea kunadi, mpaka siku aliyokohoa damu kwenye kabati alilokuwa akiliuza. Daktari hakumung'unya maneno. "Uvimbe uko kwenye kisanduku cha sauti. Tukikiacha, utakufa. Tukikitoa, utaishi, ila hutazungumza tena."

"Daktari," Mnadi alisema, "unanadi vibaya. Nani atanunua hiyo?"

Akanunua, kwa kuwa hakuwa na jingine.

Hospitali ilikuwa na mtaalamu wa usemi, mama wa makamo mwenye miwani. Huyo alimweleza kwamba ipo programu ya kompyuta inayoweza kumsaidia. Arekodi maneno yake sasa, kabla ya kisu, na baadaye atakuwa akibonyeza kitufe kwenye kioo, sauti yake mwenyewe itoke. Wakaanza palepale, kwenye laptopu ambayo mkewe alikuja nayo, na mtaalamu ndiye aliyechagua ya kwanza. Naomba maji. Naumwa hapa. Tafadhali nisaidie. Asante. Samahani. Mnadi aliyasoma harakaharaka, kama mtu anayesoma masharti ya mnada.

"Haya ni maneno ya mgonjwa," alilalamika.

"Utakuwa mgonjwa," mama yule alimjibu. "Mengine rekodi nyumbani, kwa utulivu. Chagua rekodi ya ubora wa juu, msibane faili zipungue ukubwa. Na mkimaliza, wekeni nakala mahali pengine."

Nyumbani walitumia laptopu hiyohiyo ya Karani, aliyonunuliwa na binti yake ili aweze kuchapa ripoti bila kubaki ofisini mpaka jioni. Walifunga madirisha ya chumba cha kulala, wakatundika blanketi mlangoni kuzuia kelele. Karani aliketi ukingoni mwa kitanda, kinasa sauti mkono mmoja, mkono mwingine kwenye laptopu. Na Mnadi akarekodi maneno aliyoyahitaji katika maisha yake.

"Chai gani hii, umechemshia soksi?"

"Nani kakuuliza?"

"Fungua mlango, umekuwa gogo?"

Karani alibonyeza, akahifadhi, akaipa kila faili jina. Ikafuata miito ya mnada, mzaha wa jokofu, mzaha wa kitanda, mzaha wa mjane mwenye televisheni mbili. Hapo Mnadi akanywa maji, akasema: "Sasa ile ya wageni."

Karani alimtazama.

"Ile yako. Mimi niwe bubu, halafu wageni wakose burudani? Bonyeza."

Akabonyeza. Ilibidi mumewe airudie, kwa sababu mara ya kwanza alikohoa kabla ya kufika kwenye beseni. Karani akafuta ile mbovu, akahifadhi ile nzuri.

Siku ya mwisho kabla ya kulazwa, Mnadi alimtoa mkewe chumbani na kurekodi kitu peke yake. Karani alikaa jikoni akimenya viazi, akisikia kupitia ukutani mvumo tu, bila maneno.

Alirudi kutoka hospitali amekonda, ana tundu shingoni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Siku za kwanza nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba Karani alisikia saa ya ukutani, na akajishangaa kwamba hakuwahi kujua kama inalia. Kisha Mnadi akapata nguvu za kukaa. Akaiweka laptopu mapajani, akanusa kikombe alicholetewa, akatafuta kitufe kwa kidole.

"Chai gani hii, umechemshia soksi?" ikasema laptopu, kwa sauti nene ya mtu mzima wa afya.

Wageni walikuja kumpa pole na kuuona muujiza. Walikaa kwenye makochi yaleyale, wakala, na walipokuwa katikati ya kula Mnadi akamwonyesha mkewe kidole: simama. Karani akasimama. Mnadi akabonyeza. Mtumba huu, wakubwa. Wageni walicheka kuliko zamani zote, wengine wakifuta machozi, wakisema Mungu mkubwa, huyu mtu hafi. Mnadi naye alicheka, mabega yakimtikisika bila sauti, na tundu la shingoni likipiga filimbi chini ya kitambaa. Safari hii Karani hakuwa ameweka sinia chini. Vikombe havikugongana. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo lilimshangaza.

Wiki hizohizo laptopu ikaanza kulalamika. Ramani za viwanja zilizoskaniwa zilikuwa nzito, na rekodi za Mnadi, kwa ule ubora wa juu, zilikuwa nzito zaidi. Onyo jekundu lilitokea kwenye kona ya kioo: nafasi imekwisha. Asubuhi moja Karani alichapa ripoti ya mgogoro wa mpaka kuanzia kifungua kinywa hadi adhuhuri, na alipotaka kuihifadhi mashine ikakataa, kisha ikajizima na kuondoka na kazi yote. Alimweleza mumewe kwamba lazima wapunguze vitu.

Mnadi akabonyeza: "Nani kakuuliza?"

Karani akaenda kwa fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye kibanda karibu na ofisi yao, mkali kidogo lakini mwenye subira na watu wazima. "Mama, kosa la watu ni kufuta kwa hasira," fundi alimwambia. "Kwanza tazama nini kinakula nafasi, usibahatishe. Anza na takataka za mashine yenyewe: faili za muda, mabaki ya masasisho. Humo humo kwenye mipangilio kuna sehemu ya kusafisha, itakuonyesha. Halafu toa programu usizotumia, ila zitoe kwa njia yake, usiende kufuta folda tu. Folda za mfumo usiziguse kabisa, hata kama huzielewi. Hasa kama huzielewi."

"Na vitu vyangu vikubwa?"

"Una diski ya nje?"

"Binti yangu aliniletea. Sijaitumia."

"Basi nakili kwanza kwenye diski. Usihamishe, nakili. Ukimaliza, ifungue ile nakala palepale kwenye diski, uone inafunguka. Ndipo ufute ya kwenye laptopu. Na hata hapo, pipa la taka usilimwage siku hiyohiyo. Liache wiki. Mtu hukumbuka kitu baada ya kukitupa."

Karani alisikiliza kama anavyosikiliza wapima ardhi wakisoma vipimo. Alasiri, Mnadi amelala kwa dawa zake, akaketi mezani na kufanya yote kwa utaratibu. Akafuta faili za muda. Akatoa michezo ambayo hakujua iliingiaje. Akanakili ramani za ofisi, picha za binti yake tangu meno ya kwanza, picha za mazishi ya mama yake. Alifungua nakala mojamoja kwenye diski, akahakikisha, ndipo akafuta za kwenye laptopu. Onyo jekundu likaondoka. Nafasi ikapatikana, si nyingi, ya kutosha ripoti kadhaa. Folda ya Mnadi ilibaki mahali pake, kubwa kuliko vyote, na diski ilikuwa bado na nafasi ya kuimeza mara kadhaa.

Angeweza kuishia hapo. Alivaa hedifoni ili asimwamshe, akaanza kusikiliza.

Alisikiliza soksi, akasikiliza gogo. Alijisikia akiuzwa na kurudishwa ghalani, na nyuma ya sauti ya mumewe akasikia pumzi ndogo karibu na kinasa sauti, akatambua ni yake. Mwisho kabisa akafika kwenye faili ndefu isiyo na jina. Ni ile ambayo alitolewa chumbani ili irekodiwe.

"Mwanangu, ni baba," ilisema. Ilikuwa inanong'ona. "Nimewafukuza wote. Ulipozaliwa nilikuwa nakunong'oneza, niliogopa sauti yangu ingekuumiza masikio. Nilikuwa naingia wakati mama yako amelala, nakushika, nanong'ona. Watu hawajui kama najua kunong'ona. Hii nakuachia wewe."

Iliendelea. Alimweleza binti yake jinsi alivyomfundisha kufunga kamba za viatu, jinsi alivyojificha nyuma ya basi siku binti alipokwenda chuo, asionekane akilia. Karani alisikiliza mpaka mwisho, akingoja atajwe. Alitajwa pale tu alipokuwa amelala.

Kumbe aliweza. Hilo ndilo lililomchoma kuliko beseni. Kwa miaka yote alijiambia kwamba mumewe ana sauti moja tu, kama mtu aliyezaliwa na mguu mfupi, na mtu halaumiwi kwa mguu mfupi. Kumbe alikuwa na nyingine, nzuri, ya kutosha kumlaza mtoto, na aliificha ndani ya nyumba hiihii.

Karani alichagua faili zote kwenye folda. Kisha akaondoa alama kwenye zile tano za hospitali, zilizorekodiwa mbele ya mama mwenye miwani. Zile nyingine zote, na ile ndefu, akazifuta. Hakunakili hata moja. Akafungua pipa la taka, mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akajibu ndiyo. Mikono ilikuwa imetulia vilevile. Akainuka, akaweka maji jikoni.

Mnadi aliamka akataka chai. Akakinusa kikombe, akabonyeza, mashine ikamwandikia kwamba faili haipatikani. Akabonyeza kitufe kingine, kisha kingine. Akazunguka kioo chote kwa kidole kama mtu anayepapasa ukuta gizani, mpaka akakigusa kimoja kilicho hai.

"Samahani," ikasema sauti yake.

Alinyakua kibao cheupe alichopewa hospitali, akaandika kwa herufi kubwa: SAUTI YANGU IKO WAPI?

"Laptopu ilijaa," Karani alisema. "Nimepunguza."

RUDISHA.

"Omba vizuri. Maneno ya kuombea nimekuachia."

Mnadi alimrushia kibao. Kikapiga ukuta, kikaanguka bila kuvunjika. Karani akakiokota, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakiweka karibu na mkono wa mumewe. Kwa siku kadhaa Mnadi hakugusa kitufe chochote. Alipiga makofi akitaka kitu, na Karani, akiwa amempa mgongo, aliendelea na shughuli zake kama asiyesikia. Ni kiu iliyomshinda. Jioni moja, jagi likiwa tupu na miguu bado haiwezi kumfikisha jikoni, alibonyeza.

"Naomba maji."

Karani akaleta maji papo hapo. Akasimama mbele yake na glasi, hakumpa.

Mnadi akaelewa. Alitafuta kitufe muda mrefu.

"Asante," ikasema laptopu, harakaharaka, kama masharti ya mnada. Ndipo akapewa.

Siku aliyoweza kutembea, aliichukua laptopu kwapani akaenda mwenyewe kwa fundi. Dada yule alisoma kibao, akaunganisha nyaya zake, akahangaika. "Mzee, diski ya mashine hii ni ya aina mpya," alisema hatimaye. "Kitu kikishatolewa kwenye pipa, inajisafisha yenyewe. Hakuna cha kufukua. Huna nakala mahali?" Mnadi akatikisa kichwa. Fundi akamhurumia, akamwekea programu ya kusoma maandishi: unaandika, inatamka. Ilikuwa na sauti moja tu, ya msichana, laini, kama ya kuwatangazia abiria wa ndege. Mnadi aliijaribu mbele ya wageni wake wa zamani. Akaandika mzaha wa mjane, na msichana akausoma kwa adabu zote, akitua kwenye kila nukta. Wageni walitazamana. Mmoja akacheka, akimcheka Mnadi, si mzaha, na wengine wakamfuata. Mnadi akaifunga laptopu. Wale watu hawakurudi tena, na aliyewaongoza kucheka ndiye anayenadi siku hizi pale ghalani.

Binti yao alikuja likizo. Baba yake alikuwa amemwandikia kwa simu zamani, kabla ya upasuaji: nimekuachia kitu kwenye laptopu, sikitumi, uje usikilize ukiwa hapa. Hata hakuweka begi chini.

"Mama, kiko wapi?"

"Kilipotea. Mashine ilijaa, vingine vikafutika."

Binti alimtazama baba yake. Mnadi aliandika kwenye kibao, akakigeuza: MUULIZE VIZURI.

Alikuwa binti wa mnadi na wa karani, na alichukua kwa wote wawili. Hakupiga kelele. Alifungua laptopu, akaunganisha diski ya nje, akapitia folda moja baada ya nyingine. Karani alisimama mlangoni akikausha mikono iliyokwisha kukauka.

"Ramani za ofisi zipo," binti alisema. "Picha zangu zipo. Diski haijafika hata nusu."

"Hukumsikia alivyokuwa akinisema. Miaka yote hiyo."

"Nilimsikia. Nilikuambia usisimame." Akachomoa diski, akaizungushia waya wake. "Alisema nini kwenye yangu?"

Karani angeweza kumpa. Maneno aliyakumbuka yote, tangu la kwanza, na mwanawe alikuwa ananyoosha mkono kuyapokea.

"Sikuisikiliza," alisema.

Mnadi aliinua uso. Hakuwa na namna ya kujua kama ni kweli au si kweli. Binti alijua, maana kazini amezoea kuwatazama ndugu wa wagonjwa wakificha mambo. Aliondoka siku iliyofuata badala ya kumaliza likizo. Kwenye kituo cha basi alimkumbatia baba yake, akamwekea sikio karibu na mdomo, na Mnadi akachezesha midomo kwa muda. Hewa ilitoka kwenye tundu la shingo. Baada ya siku hiyo binti alimwandikia baba kila juma. Mama alipompigia, simu iliita mpaka ikakatika.

Bado wanaishi wote wawili, kwenye nyumba ileile. Karani amepandishwa cheo ofisini, na ripoti zimeongezeka. Baada ya upasuaji alikuwa akimwachia mumewe laptopu mchana kutwa, akifanya kazi kwenye mashine mbovu ya pale ofisini. Siku hizi, akishakunywa chai, anaichomoa kwenye umeme, anaitia mkobani pamoja na miwani yake, anafunga mlango kwa nje, Mnadi akiwa ndani, anakwenda kazini.